Kusoma, Kupima na Kutunza Kikombe cha Kale cha Metali chenye Maandishi ya Dini: Mwongozo Kamili

Kikombe cha kale cha metali kinapotolewa sandukuni, kikiwa kimefifia na kuingia weusi, mara nyingi kitambaa cha kusugulia hukifikia kabla jicho halijatulia juu yake. Baada ya nusu saa kinang'aa na mwenyewe amefurahi, lakini herufi zilizokizunguka mdomoni zimepoteza ncha zake. Herufi hizo ndizo zilizobeba jina la aliyekitengeneza au aliyekitoa, dua iliyokusudiwa isomwe, na pengine mwaka. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kutazama na kusoma, na usafishaji umewekwa karibu na mwisho. Kwa vikombe vingine hatua hiyo itarukwa kabisa.

Neno "kikombe" nalitumia hapa kwa upana wake: bilauri, kalisi ya kanisani, kikombe cha Kiyahudi cha kubarikia divai, na pia tasa au bakuli dogo la kunywea lililochorwa aya za Qurani. Vyombo hivi vinatofautiana kwa dini na kwa umbo, lakini njia ya kuvichunguza ni moja.

Hatua ya kwanza: kukishika na kukipiga picha

Vaa glavu za nitrili, kwa kuwa jasho la vidole lina chumvi inayoacha alama za kudumu juu ya fedha na shaba. Glavu za mpira wa asili zisitumike, kwani zina salfa inayoitia fedha weusi. Tandika taulo mezani, kisha beba kikombe kwa mikono miwili, mmoja ukiwa chini ya kitako. Usikiinue kwa mpini wala kwa mdomo wake, maana lehemu ya mpini ndiyo huwa ya kwanza kuachia.

Sasa fifisha mwanga wa chumba, washa tochi moja tu, na uilaze karibu na meza ili mwanga wake upite kwa ubavu juu ya metali. Mistari ambayo mchana haionekani kabisa itajitokeza kwa sababu kila mfereji uliochongwa utatupa kivuli chake. Weka kikombe juu ya karatasi iliyochorwa duara lenye sehemu 8, kizungushe sehemu moja baada ya nyingine, na upige picha kila kituo. Ukimaliza mzunguko, hamishia tochi upande wa pili na urudie kazi yote, kwa kuwa mstari unaolala sambamba na mwanga hautupi kivuli, na herufi nzima inaweza kukupotea kwa sababu hiyo. Piga pia ndani, chini ya kitako na kwenye maungio, halafu andika kimo, upana wa mdomo, upana wa kitako na uzito kwa gramu.

Baadhi ya watu hujaza unga wa chaki ndani ya herufi ili zisomeke, au hufunika karatasi na kuisugua kwa penseli. Njia zote mbili ziachwe: unga hunasa katika mifereji na kuvuta unyevu, na penseli hukandamiza kingo nyembamba za herufi. Tochi inatosha. Kalisi ya Ardagh, iliyopatikana Ireland mwaka 1868 na vijana waliokuwa wakichimba viazi, ina majina ya mitume yaliyochongwa kwa mistari myembamba sana chini ya ukanda wake wa nakshi za dhahabu, na mtu anayeitazama akiwa amevutiwa na dhahabu anaweza kupita bila kuyaona.

Hatua ya pili: kuitambua metali

Anza kwa sumaku. Fedha, shaba na bati havivutwi nayo, kwa hiyo kikombe kinachong'ang'ania sumaku kina chuma au nikeli ndani yake na kinahitaji maelezo. Kisha tazama sehemu zilizoguswa zaidi, yaani mdomo, ukingo wa kitako na mgongo wa mpini. Ikiwa weupe wa fedha umelika hapo na chini yake pametokea wekundu au unjano, kikombe kimepakwa fedha juu ya metali nyingine. Upakaji wa fedha kwa umeme ulienea baada ya hataza ya Elkington huko Uingereza ya mwaka 1840. Hivyo kikombe kilichopakwa kwa njia hiyo hakiwezi kuwa cha karne ya 17, hata maandishi yake yakidai hivyo.

Mihuri midogo iliyogongwa chini au karibu na mdomo ni ushahidi mwingine. Kwenye fedha ya Uingereza, kichwa cha chui kilianza kutumika kufuatana na sheria ya mwaka 1300, na herufi ya mwaka ilianza London mwaka 1478. Kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Kirumi, ni cha fedha ya Ufaransa kuanzia 1838. Namba 84 ni kipimo cha Kirusi: sehemu 84 za fedha katika 96, ambayo ni sawa na 875 katika 1000. Namba 84 huonekana pia kwenye fedha ya Uajemi. Kukosekana kwa muhuri hakuthibitishi lolote, kwa sababu vikombe vingi vya shaba, na vingi vya fedha kutoka nchi zisizokuwa na utaratibu wa mihuri, havikugongwa kamwe.

Ikiwa kikombe ni kizima, hakina mawe, mbao, enameli wala kitako kilichojazwa kitu ndani, unaweza kupima uzito wake mahsusi, yaani metali yake ni nzito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Kipime kikavu, kisha kining'inize kwa uzi kikiwa kimezama ndani ya maji bila kugusa chombo, na upime tena. Gawa uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Kikombe chenye gramu 207 kikipungua gramu 20 majini, jibu ni 10.35, na hilo linalingana na fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1000. Shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, hukaa karibu na 8.4 hadi 8.7, shaba tupu ni 8.96, vikombe vya bati huangukia karibu na 7.3. Kipimo hiki hakitenganishi vizuri shaba iliyotiwa zinki na ile iliyotiwa bati, kwa kuwa uzito wao unakaribiana.

Maabara yenye mashine ya eksirei hutoa asilimia kamili bila kukwangua chochote. Kwa shaba ya njano, namba ya kutazama ni ya zinki. Njia ya zamani ya kupika shaba pamoja na madini ya zinki, aghalabu, haikuweza kupitisha zinki zaidi ya asilimia 28 hadi 30. Bakuli linalouzwa kama la karne ya 12 na likakutwa na asilimia 37 linatia shaka kubwa.

Hatua ya tatu: kuuona mkono wa fundi

Chukua lenzi ya sonara yenye kukuza mara 10. Herufi iliyochongwa kwa patasi ya mchoraji ina mfereji wenye umbo la V, unaoanza mwembamba, ukanenepa, kisha ukakonda, kwa sababu mkono uliongeza na kupunguza nguvu. Herufi iliyopigwa kwa nyundo na kisukumio haina metali iliyoondolewa. Ukitazama upande wa ndani wa kikombe utaona uvimbe wake. Herufi iliyoliwa kwa asidi ina sakafu yenye vinyweleo na kingo zisizo na ukali. Herufi ya leza ina kina kimoja kila mahali na vijistari vya kuungua, na kwa kikombe kinachodaiwa kuwa cha kale huo ndio mwisho wa mazungumzo.

Tazama pia mikwaruzo ya matumizi. Pale mkwaruzo unapokutana na herufi, uliza ni upi uliotangulia. Mfereji wa herufi ukiukata mkwaruzo kwa ukingo safi, kikombe kilikuwa kimekwisha kutumika kabla ya kuandikwa. Mkwaruzo ukiwa umechubua kingo za herufi, herufi ndiyo ya kwanza. Jambo hili lina uzito, kwa sababu kikombe cha nyumbani kiliweza kutolewa kanisani au msikitini miaka mingi baada ya kutengenezwa, na maandishi yakaongezwa siku hiyo. Hakuna udanganyifu hapo. Zipo tarehe mbili, na kila moja iandikwe peke yake.

Nina kisa changu. Kikombe kidogo cha shaba kilikuwa mezani, nami nikauona weusi uliojaa ndani ya herufi nikaudhani ni uchafu. Kwa kijiti cha mti nilichokonoa mguu wa alifu moja, zikatoka punje tatu nyeusi, ngumu, zenye kumetameta. Niliposhika lenzi nikaona weusi uleule umejazwa ndani ya majani ya nakshi, ukiwa usawa na uso wa metali, laini kama ulivyopigwa msasa. Ulikuwa ujazo wa fundi mwenyewe, uliowekwa ili herufi zisomeke. Alifu hiyo mpaka leo ina pengo. Juu ya fedha ujazo wa namna hiyo hutengenezwa kwa salfa iliyoyeyushwa pamoja na fedha, shaba na risasi, na dawa nyingi za kung'arishia huuharibu.

Hatua ya nne: kuyasoma maandishi

Kwenye duara hakuna mwanzo wala mwisho unaoonekana, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta mlango. Katika maandishi ya Kilatini mlango mara nyingi ni msalaba mdogo uliochongwa kabla ya neno la kwanza. Katika Kiarabu tafuta "bismillahi", ambayo sini yake mara nyingi huvutwa ikawa mstari mrefu. Panga picha zako 8 kwa mfuatano, ziunganishe ziwe utepe mmoja, na unakili herufi kama unavyoziona, ukiweka alama ya kuuliza pale unapobahatisha. Usijaze neno kwa sababu unalijua. Ukikisia mapema, jicho litaanza kuona kile ambacho hakipo.

Aliyezoea msahafu uliotiwa nukta na irabu atapata shida ya kweli mbele ya Kikufi cha zamani, mwandiko wa Kiarabu wenye herufi za pembe, ambamo be, te, the, nuni na ye zinaweza kuwa jino moja lilelile lisilo na nukta. Msaada mkubwa ni kwamba mafundi walichagua maneno kwa kufuata kazi ya chombo. Kwenye vyombo vya kunywea na kwenye masabili, yaani mahali pa kugawia watu maji ya kunywa, aya inayopendwa ni ya 21 ya sura Al-Insan, inayotaja Mola akiwanywesha waja wake kinywaji kilicho safi. Kwenye kalisi hukutwa Zaburi ya kikombe cha wokovu, ambayo ni 116:13 katika Biblia nyingi za leo na 115:13 katika Biblia ya Kilatini ya zamani. Tofauti hiyo ya namba imewapoteza wengi. Kwenye vikombe vya Kiyahudi hutokea maneno ya baraka juu ya tunda la mzabibu. Ukipata maneno mawili yaliyo wazi, tafuta mistari ya maandiko yenye maneno hayo, kisha urudi kwenye metali uhakikishe herufi moja moja.

Vifupisho vinahitaji uangalifu. IHS ni herufi tatu za mwanzo za jina la Yesu kwa Kigiriki, ingawa wengi huzisoma kama za Kilatini. Kistari juu ya neno la Kilatini kinaonyesha kuwa herufi zimeachwa. "Me fecit" maana yake ni "alinitengeneza", na jina lililo kando yake ni la fundi. Kikombe hapo kinajisemea chenyewe. "Ex dono" hutangulia jina la mtoaji. Katika Kiarabu "amal" hutangulia jina la fundi, na "sahibuhu" hutangulia jina la mwenye mali. Neno "wakf" likionekana, simama: chombo kiliwekwa wakfu, na suala la nani ana haki ya kukiuza linaanza hapo.

Mabakuli ya Kiislamu ya kunywea dawa ni kundi la peke yake. Juu yake hutajwa maradhi ambayo maji ya ndani yalikusudiwa kuyatibu, kama kuumwa na nge, na nyoka, na mbwa mwenye kichaa, msokoto wa tumbo na uzazi mgumu, na kando yake huwapo aya, majedwali ya namba na herufi zisizounda neno. Ukikuta jedwali la vyumba tisa, jumlisha kila mstari, wima, ulalo na pembe kwa pembe. La kawaida hutoa 15 pande zote. Likikosea, huenda mchoraji alikuwa akinakili asichokielewa, au wewe umekosea kusoma namba moja.

Hatua ya tano: kuutafuta mwaka

Mwaka wa Hijria hubadilishwa kwa njia fupi: gawa mwaka kwa 33, toa jibu hilo kwenye mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. Bakuli la dawa lililotengenezwa kwa ajili ya mtawala Nur al-Din Mahmud bin Zangi lina mwaka 565. Ukigawa kwa 33 unapata 17. 565 kutoa 17 ni 548. Ukiongeza 622 unapata 1170, na kweli mwaka huo wa Hijria uliangukia 1169 na 1170. Kosa linalorudiwa mno ni la tarakimu zenyewe: tano ya Kiarabu inafanana na sifuri tuliyoizoea, ilhali sifuri yake ni nukta tu, na nukta juu ya shaba ya zamani inaweza kuwa shimo la kutu. Tazama kwa lenzi kama nukta hiyo ina ukingo wa chombo cha fundi.

Namba 786 isikudanganye. Ukiichukulia kama mwaka utapata 1384 na utajiona tajiri, kumbe ni jumla ya thamani za herufi za bismillahi kwa hesabu ya abjadi, na huchongwa kama baraka.

Kwa Kiebrania mwaka huandikwa kwa herufi, na aghalabu elfu 5 huachwa. Jumlisha thamani za herufi hizo, ongeza 1240, na utapata mwaka wa Kizungu, au mmoja pungufu kwa miezi ya mwanzo wa mwaka wao. Katika Kilatini, ukiona herufi kubwa zimetawanyika katikati ya maneno bila sababu, zichukue I, V, X, L, C, D na M peke yake na uzijumlishe kama namba za Kirumi, kwani mwaka unaweza kuwa umefichwa humo.

Pasipo na mwaka, majina husaidia. Kalisi ya Tassilo, iliyoko Kremsmünster nchini Austria, ina kwenye kitako chake majina ya Tassilo, aliyekuwa mtawala wa Bavaria na anayeitwa hapo mtawala shupavu, na mkewe Liutpirc. Tassilo aliondolewa madarakani mwaka 788, na mtu hatajwi kama mtawala shupavu kwenye kalisi ya wakfu baada ya kuvuliwa utawala, hivyo kalisi hiyo ni ya kabla ya hapo.

Hatua ya sita: kukihoji

Mwishoni mwa karne ya 19, mafundi wa Damascus na Cairo walitengeneza kwa wingi vyombo vya shaba vilivyofuata mtindo wa enzi ya Wamamluki, watawala wa zamani wa Misri na Sham, na wanunuzi wao wengi walikuwa wasafiri. Ni kazi nzuri, nyingine nzuri mno, lakini si za karne ya 14. Dalili yake mojawapo ni herufi zilizogeuka pambo: zina mwendo wa Kiarabu na hazisomeki. Hata hivyo maandishi yasiyosomeka si hukumu kamili, kwa kuwa mapambo yanayoiga herufi yalikuwapo hata zamani.

Madai makubwa yawe ya mwisho kukubaliwa. Kikombe cha fedha cha Antiokia, kilichoko kwenye Metropolitan Museum mjini New York, kiliwahi kutangazwa kuwa kilibeba ndani yake kikombe cha Karamu ya Mwisho. Leo kinatajwa kuwa kazi ya karne ya 6, na inaelekea hakikuwa kikombe bali taa.

Muuzaji atoe hati zinazoonyesha kikombe kilikuwa wapi na kwa nani, hasa tangu kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni. Udongo mkavu ulionasa ndani ya herufi, pamoja na maelezo yasiyoeleweka ya ni nani aliyekipata, ni sababu ya kutokinunua. Interpol ina programu ya simu iitwayo ID-Art, iliyozinduliwa mwaka 2021, ambayo humwezesha mtu yeyote kupekua orodha ya kazi zilizoibwa. Kikombe chenye jina la kanisa, sinagogi au msikiti kipekuliwe humo kwanza.

Hatua ya saba: kukisafisha, ikiwa ni lazima

Ondoa vumbi kwa brashi laini. Ikiwa hakuna ujazo mweusi, dhahabu ya kupakwa, enameli wala mawe, pitisha pamba iliyoloweshwa maji yaliyochujwa chumvi na tone la sabuni isiyo kali, suuza kwa pamba nyingine, kisha kausha mara moja. Kwa vikombe vingi kazi imeishia hapo. Fedha yenye weusi mzito inaweza kusuguliwa taratibu kwa unga laini wa chaki uliolainishwa kwa maji, nje ya herufi, na kwa kujua kwamba kila msuguo unaondoka na fedha kidogo. Limau na siki visiguse shaba ya njano. Asidi huichukua zinki na kuuacha uso na wekundu wa waridi usiorudi. Maji ya magadi pamoja na karatasi ya alumini hung'arisha fedha kwa dakika chache, lakini huondoa weusi hadi ndani ya herufi, na maandishi yanabaki meupe juu ya weupe.

Utando wa kahawia au wa kijani ulio mgumu uachwe. Unaotisha ni unga wa kijani hafifu unaofutika kwa kidole na kurudi baada ya siku chache: hiyo ni kutu hai inayotokana na chumvi za kloridi, na huendelea kula metali maadamu kuna unyevu. Kiweke kikombe hicho ndani ya kasha lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, unyevu ukae chini ya asilimia 35, na umwite mhifadhi wa makumbusho.

Na kisinywewe. Lehemu na bati za zamani aghalabu zina risasi, na shaba iliyopoteza utando wake wa bati ndani hutoa sumu ikikutana na kinywaji kichachu.

Hatua ya nane: mahali pa kukiweka

Kizingire kwa karatasi isiyo na asidi au pamba nyeupe iliyofuliwa bila kuachwa na manukato. Sufu na mpira huitia fedha weusi, na ukanda wa mpira uliofungwa juu ya karatasi huacha mstari mweusi uliopenya karatasi hiyo. Kabati la mti wa mwaloni lisitumike kwa vikombe vya bati na risasi, kwa sababu mvuke wake una asidi. Ikiwa maandishi yana jina la Mungu, wengi wa waumini wangependa kukiona kimewekwa mahali pa juu, kikiwa kitupu, nayo ni heshima isiyogharimu kitu.

Mwisho, andaa kadi moja: vipimo, metali na jinsi ulivyoitambua, maandishi kama yalivyo kwa herufi zake pamoja na zile zenye alama ya kuuliza, tafsiri, tarehe ya chombo, tarehe ya maandishi ikiwa ni tofauti, na majina ya waliowahi kukimiliki. Kadi iandikwe kwa penseli, kwani wino huhama, na ikae kando ya kikombe ndani ya kasha, si ndani ya kikombe chenyewe.